Umar bin Abdul-Aziz: Khalifa aliyeagiza vipofu na viwete waandikwe

ZINAPOTAJWA zama za uadilifu baada ya Makhalifa Wanne Waongofu, jina linalotangulia katika ndimi za Waislamu ni la Umar bin Abdul-Aziz (Allah amrehemu). Tunalisikia katika khutba za Ijumaa na katika darsa za Ramadhani. Tunasimuliwa taa aliyoizima pale mazungumzo yalipotoka kwenye mambo ya umma na kuingia mambo yake binafsi. Tunasimuliwa kanzu yake yenye viraka. Visa hivyo ni vizuri na vinafundisha zuhudi.

Lakini upo upande wa maisha yake ambao hausemwi sana mimbarini. Ni upande wa ofisini: kalamu, madaftari, barua, tarishi na makarani. Huko ndiko alikowafikia vipofu, viwete na waliopooza. Na kwa msomaji wa leo anayeishi mjini, ambaye mtaani kwake yupo mlemavu asiyejua aende ofisi ipi wala ajaze fomu gani, huo ndio upande wenye somo kubwa zaidi.

Umar alizaliwa Madina katika miaka ya mwanzo ya 60 Hijria, yaani karibu na mwaka 681 Miladia. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa takriban miaka 20. Mama yake alikuwa mjukuu wa Umar bin al-Khattab (r.a.), kupitia mwanawe Asim. Wengi wetu tunakijua kisa cha binti aliyekataa kuchanganya maziwa na maji usiku, akimwambia mama yake kwamba ikiwa Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa anawaona. Umar bin al-Khattab alilisikia neno hilo akiwa katika doria zake, akamwoza binti yule kwa Asim. Huyo ndiye bibi mzaa mama wa Umar huyu wa pili.

Akiwa mtoto alipigwa teke na mnyama katika banda la baba yake, akapata kovu la usoni alilokaa nalo maisha yake yote. Akapelekwa Madina kusoma. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Ubaydullah bin Abdullah bin Utba, mmoja wa wale wanazuoni saba mashuhuri wa Madina, naye alikuwa mtu aliyepoteza uwezo wa kuona. Inasimuliwa kuwa Umar, hata alipokuwa mkubwa mwenye mamlaka, aliutamani mmoja wa vikao vya mwalimu wake yule kuliko mali ya dunia. Basi mtu huyu hakuwajua vipofu kwa kuwaona wakinyoosha mkono mlangoni mwa msikiti tu. Alimjua kipofu kama mwalimu, mtu wa kukaliwa chini na kusikilizwa.

Hilo si jambo geni katika Uislamu. Kila Muislamu aliyesoma Juzuu Amma anaijua sura iliyoteremka kwa sababu ya Abdullah bin Umm Maktum (r.a.), sahaba kipofu aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Sura hiyo inasomwa mpaka leo, na kila anayeisoma anakumbushwa kwamba aliyekuja mwenyewe kutafuta haki yake hapuuzwi kwa sababu ya mwenye cheo.

Baada ya baba yake kufariki, ami yake, Khalifa Abdul-Malik, alimwita Damascus, akamwoza binti yake Fatima. Mwaka 87 Hijria (706 Miladia) Khalifa al-Walid alimteua kuwa gavana wa Madina akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wanazuoni kumi wa mji ule na kuwaomba wawe washauri wake. Aliwataka wamfikishie habari za dhulma yoyote watakayoiona kwa watumishi wake. Chini ya usimamizi wake Msikiti wa Mtume ulijengwa upya na kupanuliwa.

Tuseme haki hapa. Wanahistoria wameandika kwamba mnamo mwaka 88 Hijria ni al-Walid aliyewatengea wenye ukoma posho na kuwazuia wasiombeombe, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Kwa hiyo Umar hakuanzisha jambo kutoka hewani. Alilikuta jambo limewahi kuamriwa. Swali alilokuja kulijibu yeye ni lile ambalo kila serikali inakutana nalo: amri ikishatolewa mjini mkuu, inamfikia nani?

Ugavana wake ulikwisha mwaka 93 Hijria. Watu waliokimbia mkono wa al-Hajjaj huko Iraq walikuwa wakipata hifadhi Madina, al-Hajjaj akalalamika kwa al-Walid, na Umar akaondolewa. Akarudi Sham. Kisha katika mwezi wa Safar mwaka 99 Hijria (Septemba 717), Khalifa Sulayman alipokuwa mgonjwa mahututi huko Dabiq, mwanazuoni Raja bin Haywa alimshauri amwandike Umar kuwa mrithi. Jina likaandikwa, waraka ukafungwa kwa muhuri, na watu wakala kiapo cha utii bila kujua limeandikwa jina la nani. Uliposomwa, Umar mwenyewe alipigwa na mshituko.

Aliletewa farasi wa kifalme, akawakataa, akaagiza wauzwe na fedha ziingie Baitul Mal. Akarejesha ardhi alizokuwa amepewa na wale waliomtangulia. Akamtaka mkewe Fatima achague kati ya vito alivyopewa na baba yake na kubaki naye, na Fatima akachagua kuvirejesha vito Baitul Mal. Yote hayo yanafahamika. Sasa tuingie ofisini.

Wakati huo serikali ilikuwa na diwani, yaani daftari la majina ya wanaostahiki posho, utaratibu ulioanzishwa na babu yake, Umar bin al-Khattab. Aliyeandikwa alipata. Asiyeandikwa hakupata, hata kama alistahiki. Na aliyeandikwa zamani akiwa askari mzima, kisha akapofuka au akapooza, aliweza kukaa ndani mwake na kusahauliwa huku karani akiendelea na kazi zake.

Umar aliandikia miji ya Sham akiagiza apelekewe majina ya watu wa diwani ambao ni vipofu, viwete, waliopooza, na kila mwenye maradhi ya kudumu yanayomzuia kusimama katika Swala. Majina yakapelekwa. Akaamuru kila kipofu apewe mtu wa kumwongoza, na kila wagonjwa wawili wa kudumu wapewe mtumishi mmoja wa kuwahudumia. Kisha akaagiza apelekewe majina ya mayatima ambao baba zao walikuwa katika diwani na wale wasio na mtu, akaamuru kila watano wapewe mtumishi mmoja, wagawane huduma yake kwa usawa.

Tuangalie vizuri jambo hili, ndugu msomaji. Kwanza, hakusema anayetaka na aje. Aliwaagiza watumishi wake wawatafute, kwa sababu aliyepooza hawezi kutembea mpaka ofisini kueleza kwamba amepooza. Pili, alitoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukielewa: maradhi yanayomzuia mtu kusimama katika Swala. Imamu wa msikiti anamjua mtu huyo, na jirani yake anamjua. Mgonjwa hakutakiwa kwanza aijue lugha ya makarani ndipo aandikwe. Tatu, msaada wenyewe ulilingana na shida. Kipofu alipewa wa kumshika mkono, na aliyelala kitandani akapewa wa kumhudumia, kwani fedha mkononi mwa mtu asiyeweza kwenda sokoni haimtoshelezi peke yake.

Hata hivyo, amri nzuri ikipita mikononi mwa mtumishi mgumu huweza kuharibika. Hilo lilitokea Damascus kwenyewe, karibu kabisa na Khalifa. Msimamizi wa diwani ya mji huo aliona kuwa mgonjwa wa kudumu anafaa kutendewa wema, lakini si haki apewe posho kamili kama ya mtu mzima wa afya. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya uangalifu wa mali ya umma. Pengine msimamizi yule alijiona mwaminifu. Wagonjwa wakaenda kwa Khalifa kumshitaki kwamba anawabana, anawatafutia makosa na kuwapa tabu. Umar hakumsifu karani kwa kubana matumizi. Alimwandikia barua fupi akimkataza kuwasumbua watu, kuwawekea ugumu na kuwataabisha, na akamjulisha kuwa yeye Khalifa halipendi jambo hilo.

Na wala hatuwezi kusema kwamba Umar alikuwa mtu wa kutapanya. Huyu ndiye ambaye mtumishi wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alipoomba karatasi zaidi za ofisi, alimjibu achonge kalamu iwe nyembamba na abane mistari. Alibana karatasi za ofisi, lakini hakubana haki ya kiwete. Leo mara nyingi mambo yamegeuzwa. Magari na semina hazikosi fungu, na mlemavu anayefuatilia posho ndogo anazungushwa njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka nauli yake inazidi kile anachokifuata.

Kuhusu nauli, Umar alilifikiria hilo pia. Imepokewa kwamba aliwaandikia watu wa msimu wa Hija kuwa yeyote atakayemfikia kwa ajili ya dhulma ya kuondolewa au jambo lenye manufaa kwa dini ya Waislamu, atapewa kati ya dinari 100 na 300, kulingana na umbali wa safari yake. Alijua kwamba mlango unaweza kuwa wazi na bado maskini asiufikie, kwa kuwa njia ina gharama.

Na ambaye hakuweza kusafiri aliweza kuandika. Tarishi wa Umar walikuwa hawakatai barua ya mtu yeyote wanapoondoka kwenda kwa Khalifa. Huko Giza, Misri, alikuwapo mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, jina lake Fartuna. Alimpa tarishi barua akieleza kwamba ukuta wa nyumba yake ni mfupi, na watu wanauruka na kumwibia kuku wake. Barua ikafika Damascus. Khalifa aliyetawala kutoka Andalusia mpaka mipaka ya Sindi akaandika barua mbili. Moja ilikwenda kwa gavana wa Misri, Ayyub bin Shurahbil, ikimtaka apande mnyama wake aende mwenyewe akaujenge ukuta ule. Nyingine ilikwenda kwa Fartuna, kumjulisha kwamba ombi lake limefika na gavana ameagizwa. Gavana akaenda Giza, akauliza mpaka akampata mama maskini, akamjengea.

Barua ile ya pili inastahili kutazamwa. Ni mara ngapi mtu anapeleka maombi akakaa miezi bila kujua kama yamepokelewa, yamekataliwa au yametupwa? Fartuna alijibiwa. Alijua ombi lake lipo wapi na nani anatakiwa kulitekeleza.

Wala uangalizi huo haukuwa kwa Waislamu peke yao. Alimwandikia gavana wa Basra, Adi bin Artat, awaangalie watu wa dhimma waliozeeka, nguvu zikawaishia na njia za kujipatia riziki zikakatika, awape kutoka Baitul Mal ya Waislamu kiasi cha kuwafaa. Akamkumbusha babu yake, Umar bin al-Khattab, alivyomkuta mzee katika watu wa dhimma akiomba milangoni, akaona si uadilifu kuchukua kodi katika ujana wa mtu kisha kumtupa katika uzee wake. Huko Samarkand aliagiza zijengwe nyumba za wasafiri: mpita njia akae siku moja na usiku wake, mgonjwa siku mbili na usiku mbili, na aliyekwama bila njia asaidiwe kufika kwao.

Utawala huo ulidumu takriban miaka miwili na miezi mitano tu. Yahya bin Said, aliyetumwa kukusanya zaka Afrika ya Kaskazini, alisimulia kwamba alitafuta mafakiri wa kuwapa asiwapate, akanunua watumwa kwa fedha hizo na kuwaacha huru. Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (Februari 720) huko Dayr Siman katika nchi ya Sham, akiwa na umri wa karibu miaka 40. Wapo wanahistoria wanaosema alipewa sumu.

Baada yake, mengi aliyoyatengeneza yalirudishwa nyuma. Shemeji yake Yazid alipoushika ukhalifa alitaka kumrudishia Fatima vito vyake. Fatima akakataa, kwa maelezo kwamba hawezi kumtii mumewe akiwa hai kisha amwasi akiwa amekufa. Mjane yule aliuhifadhi upande wake wa kazi. Lakini daftari linalotegemea ucha Mungu wa mtu mmoja aliye juu liko hatarini siku anapoondoka. Hapo ndipo sisi wengine tunapohusika.

Nchi zetu leo zina madaftari yake. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 TASAF imekuwa na mpango wa kunusuru kaya maskini. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kulipa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, wawe waliwahi kuajiriwa au la. Kenya ilianzisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2011 ikaanza kutoa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote. Mpango huo upo chini ya Inua Jamii, na kiwango chake kilichozoeleka ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni haba, ndiyo. Lakini kwa mama anayemlea kijana asiyeweza kugeuka kitandani, ni sabuni, ni unga, ni dawa.

Na katika mitaa yetu wapo wanaostahiki ambao hawamo katika daftari lolote. Mmoja hana kitambulisho. Mwingine alifichwa ndani na jamaa zake kwa aibu, kana kwamba ulemavu ni fedheha, wakati ni qadari ya Allah. Mwingine alikataliwa mara moja, akadhani kukataliwa ni hukumu ya mwisho. Mwingine hakujua kwamba tathmini ya daktari inahitajika, au aliijua lakini hakuwa na wa kumbeba mpaka hospitali. Watu hawa hawahitaji hotuba. Wanahitaji mtu anayejua kusoma na kuandika awatolee asubuhi moja.

Tunao watu hao misikitini. Tuna walimu, makarani waliostaafu, wauguzi, mawakili na vijana wa vyuo. Ibn Umm Maktum alikuwa na miguu ya kumfikisha kwa Mtume (s.a.w.). Asiye na miguu anangoja sisi tumfuate. Baada ya Swala ya Ijumaa inawezekana kabisa kukaa meza moja ukumbini, pakaulizwa nani ana mgonjwa wa kudumu nyumbani, na majina yakaandikwa. Kisha mtu aende na muhusika kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua, aende naye kwa afisa ustawi wa jamii, aende naye hospitali. Nakala ya kila karatasi iwekwe. Ombi likikataliwa, sababu iombwe kwa maandishi na rufaa ipelekwe, kama wagonjwa wa Damascus walivyopeleka yao. Wao hawakuona haya kumshitaki karani kwa Khalifa, na Khalifa hakuwaona wakorofi.

Kuna adabu zake. Tusiongeze chumvi katika fomu, kwani uongo kwa ajili ya maskini unabaki kuwa uongo, na unamfungia mlango maskini atakayekuja kesho. Tusichukue asilimia katika fedha ya mlemavu kwa jina la usumbufu. Tusijaze kwa kunong'onezana na jamaa zake kana kwamba yeye hayupo, bali tumuulize mwenyewe, kwa kuwa haki ni yake. Na asiye Muislamu akifika kwenye meza ile aandikwe kama wengine, maana Umar alimwandikia Adi bin Artat juu ya watu wa dhimma.

Kuhusu gharama, Qur'an Tukufu inapotaja mafungu manane ya zaka inawataja mafakiri na maskini, kisha inawataja wanaoitumikia zaka yenyewe. Kazi ya kumtafuta mstahiki na kumfikishia haki yake imehesabiwa kuwa kazi, na ina fungu. Kamati za misikiti zilizo na Baitul Mal ziwaulize wanazuoni wao namna ya kugharimia nauli na picha za kitambulisho. Mara nyingi kinachomtenga mtu na posho ya kila mwezi ni nauli ya siku moja.

Umar bin Abdul-Aziz alihitaji watu wa kumwandikia majina. Katika kila mji, mtu ambaye hakutajwa katika historia aliingia nyumba kwa nyumba, akamkuta aliyepooza, akauliza jina lake na la baba yake, akaliandika. Jina la mwandishi yule hatulijui. Allah Analijua.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) Amrehemu Umar bin Abdul-Aziz, Atuwezeshe kuwafikia wasioweza kutufikia, na Asijaalie jirani zetu wakawa mashahidi dhidi yetu Siku ya Kiyama. Wabillahi tawfiq.